Mamba Aliyetumwa Nördlingen

Tangu nirudi sina raha. Sokoni mnaniuliza, kanisani mnaniuliza, hata tukianika chisense, dagaa wetu wa ziwani, na mikono imejaa magamba mnaniuliza: ulikula nini kule, uliona nini, mbona umerudi peke yako? Nikimweleza mmoja kipande asubuhi, jioni nakutana na kipande kile kimeota mkia. Juzi nimesikia kwamba Wajerumani walinitia jela kwa kuiba kofia. Basi nimekaa chini na daftari la zamani la shule la binti yangu Mwape, naandika yote mara moja, na anayejua kusoma awasomee wenzake. Mambo ya karatasi na mihuri nayaruka, kwa sababu yalinichosha vya kutosha yalipokuwa yakitokea.

Jinsi nilivyotumwa

Kwa ajili ya watakaosoma bila kutujua: Mama Gerda alikuwa mkunga wetu. Alikuja kutoka Ujerumani akiwa na nywele nyeusi, akakaa mpaka zikawa nyeupe, na kutoka Nchelenge hadi Kafutuma, hadi kisiwani Kilwa humu ziwani kwetu, ni nyumba chache zisizo na mtoto aliyepokelewa na mikono yake. Wazee walimtia katika ukoo wa Samaki kwa sababu alikula samaki mpaka akafyonza macho. Mimi ni wa ukoo wa Mamba. Mamba na Samaki ni watani tangu enzi za mababu: naweza kumtukana mbele za watu, kuchukua kitu chake bila kuomba, hata kucheka kwenye msiba wake, naye hana ruhusa ya kukasirika. Na neno ambalo ndugu wanaogopa kulisema, mtani ndiye hulisema.

Alikwenda kwao kumtazama kaka yake Otto, aliyefiwa na mke. Alisema miezi sita. Ikapita miaka miwili, na barua zake zikawa fupi kama za mtu anayeandika amesimama. Kliniki alimwachia Sista Bwalya, binti aliyemfundisha mwenyewe, lakini ninyi mlimkataa. Mtoto huyu, mlisema, hajazaa, atajuaje uchungu? Mkaanza kuzalia nyumbani, na kichanga kimoja cha Kilwa tulikizika ilhali boti la mama yake lilipita mbele ya mlango wa Bwalya bila kusimama. Siku ile wote tulilia, na wote tulisema jambo moja: Gerda arudi.

Kwa hiyo Gerda aliponitumia tiketi nikamtembelee, haikuwa safari yangu tena. Mama Chola, mkubwa wetu sisi wauza samaki, alinikalisha chini.

"Weye njo utaenda, Bana Mwape, juu uko mutani wake," alisema, maana kwetu naitwa hivyo, mama yake Mwape. "Mutani hawezi kukatalia mutani. Umulete. Na kama anakatala, aseme na kinywa yake, hapana na barua."

Nikamuuliza kama nimfunge kamba.

"Kama kamba inafika," akasema, "funga."

Kutoka ziwani hadi kivukoni

Lori la samaki liliondoka Nchelenge alfajiri, yaani saa nne. Mimi nilikaa juu ya magunia na kitunga changu cha chisense, zawadi ya Gerda. Tulikwenda vizuri mpaka Mwansabombwe, na hapo dereva akasimamisha gari ghafla, akateleza chini ya usukani akabaki huko. Tulidhani ameugua. Kumbe mama mkwe wake alikuwa amekaa kando ya barabara anauza muhogo, na ninyi mnajua mkwe hakutani na mama mkwe uso kwa uso. Kupita hawezi, kumwambia ahame hawezi, kutuma mtu amwambie ni aibu zaidi. Tukangoja auze. Mama yule hakuwa na haraka na wateja hawakuwapo. Mwisho abiria tulishuka tukanunua muhogo wote, fungu kwa fungu, mpaka akakunja mkeka wake akaenda zake akimshukuru Mungu. Nilifika mtoni Luapula na muhogo ambao nusu ya Ulaya isingeumaliza.

Pale kivukoni pantoni ilikuwa ng'ambo ya pili na mwendeshaji wake alikuwa ng'ambo yetu. Jinsi jambo hilo linavyowezekana, nilimuuliza yeye mwenyewe, akasema hata yeye analifikiria. Tulilala siku mbili, tukala bukari, yaani ugali, na maharage na ule muhogo. Mvuvi mmoja alimvusha hatimaye kwa mtumbwi, na tukampigia makofi kama tunapokea chifu.

Upande wa Zaire, ambako barabara yetu hukatiza kidogo, kwenye kizuizi, askari alikinusa kitunga changu kabla hajaniona mimi.

"Sitwayene, iko nini mu ile kitunga?" akauliza, maana kule ndivyo wanavyomwita kila mwanamke.

"Chisense, papa."

"Inaenda wapi?"

"Bulaya."

Akafikiri kidogo. "Na kule Bulaya, samaki yao ilienda wapi?"

Nilimwambia sijui, ndiyo maana naenda kuangalia. Akacheka, akachukua konzi mbili za chisense za kuonja, akatupungia mkono. Kwa kweli nilikuwa nimezaliwa upande ule, ng'ambo ya ziwa, na kusikia Kiswahili cha nyumbani kulinipa nguvu ya kumaliza barabara iliyobaki.

Angani

Ya ndege siandiki sana, kwa kuwa niliyafumba macho hadi nilipoletewa chakula. Wanakupa sinia yako peke yako, kama mtu mwenye ugonjwa wa kuambukiza. Jirani yangu alikuwa Mzungu mrefu mwenye tai. Kula peke yangu mbele ya mtu sikuweza, basi nikaisogeza sinia yangu ikae katikati yetu. Akairudisha kwangu kwa adabu. Nikaisogeza tena. Akairudisha tena, akinionyesha kwa kidole kwamba naye anayo yake. Nadhani alifikiri nimekikataa chakula, na mimi nilifikiri yeye ananikataa mimi. Tulisukumana hivyo mpaka mwisho akachukua punje moja ya njegere kutoka kwangu, akaila taratibu akinitazama. Ndipo nami nikala. Baadaye kitunga kilipoanza kunukia kwa sababu ya joto, yeye peke yake hakulalamika.

Treni isiyojua kuaga

Kutoka uwanja wa ndege Gerda alikuwa ameniandikia karatasi: treni hii, shuka hapa, panda ile. Kupanda nilipanda. Nilipoingia behewani nilipiga magoti kidogo nikapiga makofi, nikawasalimu wote. Wote wakaangalia dirishani kwa pamoja, hata mimi nikaangalia kuona kuna nini. Kulikuwa na ng'ombe.

Bibi mmoja tu alinijibu. Alinipa yai la kuchemsha na chumvi ndani ya kikaratasi, mimi nikampa chisense, na alikula kichwa na mkia bila kuuliza. Tulizungumza njia nzima, yeye kwa lugha yake na mimi kwa yangu, na tulielewana kuliko nielewanavyo na mashemeji zangu. Kwa hiyo tulipofika pa kubadilisha treni, ambapo naye alishuka, sikuweza kuondoka tu kama mwizi. Nilimuuliza habari za watoto, nikawatumia salamu, nikamshika mikono yote miwili, nikamsindikiza hatua chache. Nilipogeuka, treni yangu ilikuwa imekwenda. Haikupiga hata kelele. Nikakaa kwenye benchi kwa saa tatu, na bibi yule, kwa huruma, akakaa nami, ikabidi baadaye tuagane upya tangu mwanzo.

Mji wa mviringo

Nördlingen ni mji uliokaa ndani ya ukuta kama wali ndani ya chungu. Ukuta umeuzunguka wote, bila pengo, na una milango mitano yenye minara. Juu yake kuna njia ya kutembea iliyoezekwa vigae, hata mvua ikinyesha hulowi. Nyumba ni za mbao na udongo kama zetu, ila zao zina miaka mia tano na zimeinama barabarani kama bibi anayesikiliza umbea. Katikati kuna kanisa, na mnara wake wanauita Danieli.

Gerda alikuwa stesheni na Otto, mzee mwembamba mwenye kofia ya kijani. Tulipoonana nilisahau uchovu.

"Samaki," nikamwambia, "bado hujaoza?"

"Mwaiseni, karibu, Mamba. Umezeeka. Meno ingali?"

"Iko ya kutosha kukula weye."

Kisha nikamgeukia Otto. Nilikuwa nimepiga hesabu yangu njiani: hawa ni wa mama mmoja, ukoo unatoka kwa mama, kwa hiyo Otto naye ni Samaki, na kofia yake ni yangu. Nikaivua kichwani mwake nikaivaa. Nikasema, "Nipe dada yako, nitakupa kofia."

Watu wakasimama. Mwanamume wa stesheni aliyevaa sare akaja mbio. Otto alipapasa kichwa chake kitupu, akamuuliza Gerda kitu, kisha akamuuliza tena kitu kilekile, na macho yake yakawa ya mtoto aliyeachwa sokoni. Gerda alikuwa ameanza kucheka, akaacha. Niliirudisha kofia haraka. Ndiyo jela yangu hiyo mnayoisimulia, ilidumu muda wa kuvua na kuvaa.

Kesho yake Otto alinisalimu kwa kuinua kofia, kama vile hatujaonana, nikaona ni uungwana wake, ameamua kuyasahau. Alikuwa fundi wa vigae, na paa lile la ukuta alilitengeneza maisha yake yote. Akatuchukua juu ya ukuta, akatuonyesha kila kitu, Gerda akifasiri. Kwenye mlango mmoja alisimulia ya nguruwe. Zamani bwana mmoja wa jirani alitaka kuuteka mji, akawahonga walinzi wauache mlango bila komeo. Nguruwe akapita, akajikuna mgongo kwenye mlango, mlango ukasogea, mwanamke akaona akapiga kelele, mji ukapona. Otto alisimulia kwa mwili: alijikuna bega kwenye nguzo, akaguna, akawa mlango, akawa mwanamke. Nilicheka mpaka nikashika mbavu.

Walinionyesha na mawe ya kanisa, ya kijivu yenye vipande kama vya kioo. Gerda alisema jiwe kutoka mbinguni lilianguka pale kabla ya watu kuwapo, likachimba bonde zima, na moto wake ndio uliyapika mawe yale. Wale waliokwenda mwezini juzijuzi walikuja kwanza hapa kujifunza. Nikamwambia Wajerumani wana makuu, hata mwezini mtu hapiti bila kuwaaga.

Kwenye jumba la mji, chini ya ngazi ya mawe ya nje, kuna mjinga amechongwa, amevaa kofia ya kichekesho, anakutazama. Ameandikiwa maneno.

"Anasema nini?" nikauliza.

"Anasema, sasa tuko wawili."

Nilimpenda papo hapo. Miaka mia tatu na zaidi anawatania wapitao, na hakuna anayekasirika. Nikamuuliza Gerda ilikuwaje mji huu usibomolewe, wakati kwetu hata nyumba ya mwaka juzi imekwisha.

"Vita ilikuya, njala ilikuya, feza ikaisha," alisema. "Batu hawakuwa na feza ya kubomoa na kujenga mupya. Ni bukosefu njo ulichunga huu muji."

Nikamwambia basi Nchelenge itadumu milele.

Siku ya pili ya matembezi Otto aliinua kofia, akatupeleka ukutani, akasimulia ya nguruwe. Siku ya tatu vilevile, nguruwe yuleyule, bega lilelile kwenye nguzo ileile. Ninyi mnajua tulivyolelewa. Mzee akisimulia, humwambii nimeshasikia, unasikiliza kama mara ya kwanza na unauliza, kisha ikawaje? Nami niliuliza. Nilishangaa mahali pa kushangaa, nikacheka mahali pa kucheka, nikasema moyoni Wajerumani wanampenda sana huyu nguruwe. Gerda alinitazama kwa jicho ambalo sikulielewa.

Jibu

Siku ya nne nilichoka na mawe. Tulikuwa jikoni, Gerda anamenya viazi, nikatoa kile kilichonileta.

"Samaki, bamama banauliza. Utarudia ao hapana? Sema na kinywa."

Alimenya viazi viwili vizima. Nikamweleza ya kichanga cha Kilwa. Akaweka kisu chini.

"Nitarudia," alisema. "Tutaenda pamoja. Otto nitamupeleka mu nyumba ya bazee, ku muji mukubwa, kuko mutoto wa baba mudogo. Nimeshasema nao. Nilingojea weye uniulize."

Nilipiga vigelegele jikoni pale, mtoto wa jirani akachungulia. Nilijiona nashuka kwenye lori Nchelenge na Gerda nyuma yangu, na nyuso zenu. Sitawaficha, nilijivuna. Usiku ule nililala kama mtu aliyekwishapokea sifa zake.

Otto na mimi sokoni

Kesho yake Gerda alikuwa anapanga sanduku, akatutuma mimi na Otto vitunguu sokoni. Soko liko karibu na lile jumba la mji, mitaa mitatu tu kutoka nyumbani, mitaa alimozaliwa. Tulinunua vitunguu. Kisha Otto akasimama. Akatazama huku, akatazama kule, akavua kofia akaishika kifuani kwa mikono miwili, akaniuliza kitu. Sikuelewa. Akaniuliza tena, kwa upole, kama unavyomuuliza mgeni njia.

Ndipo nikajua. Nikakumbuka kofia ikiinuliwa kila asubuhi, na nguruwe. Sikuwa nasimuliwa mara ya pili wala ya tatu. Kwake ilikuwa mara ya kwanza kila siku, na heshima yangu yote ya kwetu ziwani ilinisaidia kutoona. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Yule mjinga wa mawe alikuwa anatutazama. Mzee hajui nyumba yake, na mimi sijui lugha wala mtaa, kwa maana siku zote nilimfuata yeye. Kitu nilichokijua ni ukuta, kwa sababu ukienda upande wowote katika mji ule utaugonga. Nikamshika Otto mkono wa koti nikamvuta mpaka tukaukuta, tukapanda ngazi.

Juu pale alivaa kofia. Mgongo ukanyooka. Akagusa boriti moja, akagonga kigae kwa kidole akasikiliza, akaitikia kwa kichwa kwamba kinafaa. Akatangulia, mimi nyuma na vitunguu. Tuliupita mlango wa kwanza, wa pili, na kwenye ule wa nguruwe akajikuna bega, akaguna, na mimi nikapiga ukelele wa yule mwanamke, maana nilikuwa nimeshaujua. Alicheka, akafurahi sana. Tukazunguka karibu mji wote, na kwenye ngazi ambayo ni sawa na ngazi nyingine zote akashuka bila kusita, na mbele yetu ulikuwa mlango wa nyumba yao.

Pale juu hapotei. Njia ni moja, inazunguka, inamrudisha. Katika mji ule mkubwa wa nyumba ya wazee hakuna ukuta, kuna barabara tu zinazokwenda mbali.

Nilipanda chumbani kwa Gerda. Sanduku lilikuwa wazi, nguo zimekunjwa. Nikaanza kuzitoa moja moja na kuzirudisha kabatini.

"Bana Mwape, unafanya nini?"

"Ninapangua."

"Weye njo ulikuya kunitafuta."

"Nilikuya. Sasa ninakukataza. Samaki hatoki mu maji yake."

Alikasirika, yeye ambaye hana ruhusa, akalishika gauni upande mmoja na mimi upande wa pili. Nikamwambia ya sokoni. Akaliachia gauni, akakaa kitandani, akalia. Alisema kila siku alikuwa anaogopa kuiacha kliniki na anaogopa kumwacha Otto, na akichagua mmoja usiku, asubuhi anachagua mwingine.

"Bamama batanichukia," alisema.

"Batanichukia miye. Niko na ngozi ya mamba."

"Siku ingine atasahau ata ukuta."

"Siku ile utakuya. Leo bado."

Nikamuuliza kitu kimoja tu, kwa ajili yenu, na nilitaka jibu la mkunga, si la rafiki. Je, Bwalya anaijua kazi?

"Ananipita miye," alisema. "Mikono yangu inatetemeka sasa, Bana Mwape. Ya yake hapana."

Kurudi

Siku ya kuondoka Otto aliinua kofia stesheni, akaniuliza kupitia kwa dada yake kama ndiyo kwanza nafika. Nikasema ndiyo. Akaniambia nisikose kuuona ukuta.

Njia ya kurudi ilikuwa na ucheleweshaji wake, lakini sikuusikia, nilikuwa natafuta maneno. Niliposhuka kwenye lori mlitazama nyuma yangu, wote, na Mama Chola akauliza, "Yee eko wapi?" Na mimi mwenye ngozi ya mamba nikaogopa. Nikasema hatakuja, nikanyamaza. Tangu hapo mnasema Gerda amerudi kuwa Mzungu, ametusahau, amekula samaki wetu bure, na mimi nimewaacha mseme. Hilo ndilo kosa langu katika safari nzima, kuliko kofia.

Sasa nasema. Gerda alikubali. Mimi ndiye niliyemkataza. Na mkisema tena kwamba Bwalya hajazaa, kumbukeni kwamba Gerda naye hakuzaa, hata mmoja, na miaka yote ile tulipomshika shingo tukipiga kelele hakuna aliyemuuliza atajuaje uchungu. Mwape wangu ana mimba ya miezi minane. Atazalia kwa Bwalya, na mimi siku hiyo nitakuwa nimekaa nje kwenye benchi la kliniki. Mwenye hasira nami aje hapo anitukane. Benchi ni refu, tutasubiri pamoja.